Mla Panya

Kaburi la Mzee Lusungu lilikuwa na ubaridi mzuri. Nasema kwa uzoefu, maana nililala humo kabla yake: chali, mikono kifuani, nimevaa koti lake la sufu, na anga la Temeke limekatwa juu yangu kama kipande cha shuka. Mchanga ulikuwa unateleza kidogo kidogo na kuniingia masikioni. Ukingoni vichwa vya watu vilikuwa vimejipanga kunichungulia, na karibu vyote vilikuwa vinacheka.

"Noela, toka basi, jeneza limefika," alisema Cyprian, aliyekuwa ameegemea koleo.

"Marehemu asubiri," nikajibu. "Tangu lini Mhehe akawa na haraka?"

Wakacheka tena. Hakuna aliyekasirika, na ningependa hilo lieleweke mapema, kwa sababu ndilo tatizo langu lote. Mimi ni Mngoni. Mzee Lusungu alikuwa Mhehe. Babu zetu walichinjana kwa bidii enzi za mikuki, kisha wakachoka, wakaona afadhali watukanane. Tangu hapo sisi ni watani. Mtani anaweza kukuita mla mbwa mbele ya wakwe zako, na wewe ukacheka na kumkaribisha chai. Na mtani wako akifa, unakuwa na kazi rasmi msibani: unavaa nguo zake, unaiga mwendo wake, unalala kaburini mwake na kukataa kutoka mpaka upewe unachotaka. Kuku, soda, kitambaa cha kichwani. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na hapo kazi yako inahesabika imefanyika.

Kwa hiyo nilikuwa kazini, na watu wote pale makaburini walikuwa wanangoja nitaje ninachotaka. Ila mimi sikuwa nimelala pale kwa ajili ya kuku.

*

Nilikuwa nimerudishwa nyumbani katikati ya muhula. Shule yetu ni ya bweni, ya masista, iko juu milimani ambako ukungu hukaa na sisi darasani mpaka saa nne. Kosa langu lilikuwa la kitaaluma. Wakati wa chakula cha mchana niliingia ofisini, nikawasha kipaza sauti, na kwa sauti ya Sista Mkuu, pamoja na mafua yake, nikatangaza kwamba mtihani wa hisabati umeahirishwa kwa heshima ya mtakatifu niliyembuni papo hapo. Shule nzima ilishangilia. Nasikia hata mwalimu wa hisabati alishangilia.

Sauti za watu huniingia tu. Nikimsikiliza mtu siku mbili tatu, anahamia kooni mwangu na godoro lake. Masista hawakukiona kama kipaji.

Mama mkubwa Anna, dada wa marehemu mama yangu na ndiye aliyenilea, alinipokea nyumbani Mtoni bila kelele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akanikabidhi ndoo ya uji.

"Mdomo wako umefanya kazi sana," alisema. "Sasa zamu ya mikono."

Ile ndoo ilikuwa na historia. Mama mkubwa alikuja Dar kutoka Songea akiwa bado msichana, na mume mgonjwa, na karatasi ya rufaa. Hospitali ya mjini inatibu, lakini chakula cha maana kinaletwa na ndugu, na wao hawakuwa na ndugu. Mumewe alilishwa na watu wa kitanda cha jirani, familia ya Masasi wasiomjua hata jina, mpaka siku alipofariki. Baada ya kuzika, mama mkubwa alirudi wodini na chupa ya uji, akatafuta mgonjwa ambaye hakuna aliyemletea kitu. Akarudi na kesho yake. Hajaacha.

Wengine walijiunga naye njiani. Yasmini wa Tunduru, anayeendesha bajaji, alileta bajaji. Cyprian, mchonga vinyago kutoka Newala, alileta wembe: yeye huwanyoa wagonjwa ndevu, na husema mkono wake umezoea nyuso zisizotikisika. Wakaja na wengine, akina mama wa Lindi, wa Mbinga, wa Nachingwea, wote wahamiaji, kila mmoja na jiko lake na zamu yake. Wakajiita Umoja wa Kusini, wakashona fulana za kijani. Hakuna anayelipwa. Mimi peke yangu ndiye niliyeingia kama mfungwa.

*

Mzee Lusungu alikuwa kitanda cha dirishani. Alikuwa amefunikwa shuka mpaka kiunoni na juu yake amevaa koti la sufu, vifungo vyote vimefungwa, katika joto ambalo lilikuwa linawatoa wauguzi jasho. Alikuwa ametoka Kilolo, juu kabisa Iringa, na hakuwa tayari kuamini hali ya hewa ya Dar kwa maneno matupu.

Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasoma fulana yangu.

"Imeandikwa Kusini," alisema. "Mie wa Iringa. Uji huu unanihusu?"

Mama mkubwa akamwambia uji hausomi ramani. Mzee akapokea kikombe, akaniuliza kabila langu, nikamwambia. Akakishusha kikombe polepole. Akachukua kijiko, akaanza kuukoroga uji na kuukagua kwa makini, kama fundi saa.

"Mkia wa panya mmeutoa," aliuliza, "au ndio huu nitakutana nao chini?"

Nikamjibu kwamba wanaopaswa kuogopa ni sisi, kwa sababu tangu alazwe, mbwa wote wa jirani na hospitali wamehama na watoto wao. Wodi nzima ililipuka. Hata baba wa kitanda cha pili, ambaye wauguzi walidhani hawezi tena kuongea, alisema, "Mngoni kamweza."

Ndivyo nilivyopata kazi ambayo sikuona kama adhabu. Kila siku mchana, saa ya kuona wagonjwa, nilikuwa wa kwanza kushuka kwenye bajaji. Nilikuwa natunga matusi tangu asubuhi nikikoroga sufuria. Yeye naye alikuwa anayatunga usiku, alikiri mwenyewe, yanamsaidia kusogeza maumivu. Hakuwahi kuniita Noela. Nilikuwa mla panya, wewe mla panya, mjukuu wa wala panya, leta kikombe. Siku moja tu aliniita mwanangu, "asante, mwanangu", na nikaogopa. Nilikimbia kumwita muuguzi. Kweli, maumivu yalikuwa yamemzidi mchana ule, hana nguvu ya kutukana. Nilipomweleza mama mkubwa, alisema nimefanya vizuri: Mhehe akikuheshimu, mambo yameharibika.

Nilikuwa nachukua simu yake kwenda nayo nyumbani kuichaji, kwa sababu wodini soketi ilikuwa moja na foleni yake ilikuwa na ugomvi. Kabla ya kunipa, kila siku alipiga namba ile ile, akaweka sikioni, akasikiliza ile sauti ya kike inayosema namba unayopiga haipatikani.

"Huyu dada ana adabu," aliniambia. "Hajawahi kuchoka kunijibu."

Namba ilikuwa ya binti yake, Demetria. Habari yenyewe aliitoa kwa vipande, siku baada ya siku, katikati ya matusi. Binti alitaka kuolewa na kijana wa Mwanza. Yeye alikataa. Akakataa mbele ya wazee, kwa maneno ambayo hakuyarudia kwangu, ila alisema ni maneno ya mtu aliyedhani ana muda. Binti akaondoka asubuhi yake, na miaka ikapita juu ya hapo. Alinieleza binti alivyokuwa mdogo, anamwita kutoka bondeni akirefusha ile *a* ya mwisho, babaaa, mpaka ng'ombe wanageuka. Aliniigizia. Akarudia. Sauti ikahamia na godoro lake.

*

Jumapili mama mkubwa aliwaita wenzake uani, akasema upasuaji wa Mzee Lusungu ni Jumatano na haiwezekani mtu aingie kwenye kisu huku ana mtoto hai asiyejua. Mchana ule, wodini, alikuwa amempiga mzee picha yeye mwenyewe. Mpango wake ulikuwa rahisi: kila mmoja wao yuko kwenye makundi ya WhatsApp ya watu wa kwao, ya kwaya, ya jumuiya, ya waliosoma pamoja, na kila kundi lina mtu mwenye ndugu kwingine. Aliandika ujumbe chini ya picha. Kwa kuwa macho yake ni mabovu, aliniomba niuhakiki kesho asubuhi kabla hajautuma.

Jioni hiyo hiyo nilikaa kwenye ngazi ya nyuma, nikampigia Mzee Lusungu, ambaye siku hiyo nilimwachia simu kwa kuwa ilikuwa na chaji, nikiwa nimeificha namba yangu isionekane.

Ningependa kuandika kwamba nilitaka kumfariji. Ingekaa vizuri. Lakini nilitaka kucheka. Nilikuwa nimeshapanga: nitamwita kama binti yake, atashtuka, nitamwachia nusu dakika, kisha nitacheka kwa sauti yangu na kumwambia mtani, leo nimekula kichwa chako. Kesho yake angenilipa kwa tusi zito na wodi ingecheka wiki nzima. Sikuona kosa katika mpango huo. Ulikuwa mpango wa mtu aliyewahi kuahirisha hisabati.

"Babaaa," nikasema.

Nikasikia kitoroli cha dawa kikipita upande wake, gurudumu moja linalia.

"Deme?"

Hapo ndipo palikuwa pa kucheka. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa ameshaanza kusema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia, haina tusi hata moja ndani yake.

"Mti wako wa mapeasi umezaa," alisema. "Ule ulioupanda nyuma ya jiko. Unazaa kila mwaka. Nafukuza watoto wa watu, nafukuza nyani, wanasema mzee ana roho mbaya. Siwezi kuwaeleza. Nilikuwa nakuwekea. Yanaoza pale chini, mwaka mwingine nakuwekea tena." Akapumua. "Deme, mie sina maneno. Yale niliyokuwa nayo niliyamaliza siku ile. Njoo tu."

Nikaisogeza simu zaidi sikioni.

"Unakuja lini?"

"Alhamisi, baba," ikajibu ile sauti iliyokuwa kooni mwangu, kwa lafudhi safi ya Kilolo, na nikakata simu.

Nilikaa pale mpaka mbu wakanishinda.

*

Jumatatu tulipofika, wodi ilikuwa imeshajua. Baba wa kitanda cha pili alitupokea mlangoni kwa macho. Mzee Lusungu alikuwa ameketi, koti limefungwa vifungo vyote, na alikunywa uji wake wote bila kuukagua mkia.

"Binti yangu kapiga," alimwambia mama mkubwa. "Yuko njiani. Alhamisi."

Mama mkubwa alipiga kigelegele kimoja kifupi, akakimeza kwa heshima ya wagonjwa. Kisha akafanya jambo ambalo nimekuwa nikiliona tangu siku hiyo kila nikifumba macho. Alitoa simu yake, akafungua ule ujumbe wenye picha, ambao nilikuwa nimemwambia asubuhi kwamba nitauhakiki tukirudi, akaniuliza unafutwaje. Nikamwonyesha. Kidole chake kikakosea kwa furaha, nikabonyeza mimi.

Nilikuwa na siku mbili za kusema. Sitaki kujitetea, lakini naomba niseme zilivyopita. Jumatatu usiku nilimfuata mama mkubwa jikoni na kuanza, mama mkubwa, nina ishu, na akasema ishu baadaye, anatafuta kitenge cha kumpa mgeni. Jumanne nilikwenda wodini nimedhamiria kabisa. Nikamkuta Cyprian anamnyoa mzee. Alikuwa amemzungushia taulo, amemshika kidevu kwa vidole viwili, anakwangua taratibu, na mzee amefumba macho kama anayesikiliza ibada.

"Nitoe miaka," nilimsikia akimwomba Cyprian. "Aliniacha na ndevu nyeusi."

Walipomaliza alinigeukia. Nilidhani atanitukana, na kama angenitukana ningeweza kusema. Badala yake akavua koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Mabega yake yalikuwa madogo kama ya mtoto wa darasa la tano.

"Mla panya," alisema, "kalifue hili, nilivae Alhamisi. Na usilitafune."

Nikalipokea. Nikalifua kwa mikono, mara mbili, nikalianika uani. Sufu haikauki haraka, hasa ikikamuliwa na mtu asiyekamua vizuri kwa sababu analia.

Jumatano waliingia naye chumba cha upasuaji akiwa anawaambia wauguzi wasimcheleweshe, ana mgeni. Daktari alimweleza mama mkubwa baadaye kwamba moyo ulichoka. Alisema hakuna ambacho kingebadilisha hilo. Alisema hivyo kwa fadhila, nadhani, huwa wanasema. Mimi sijawahi kujiuliza kuhusu moyo. Najiuliza kuhusu ujumbe.

Kwa sababu Alhamisi, Yasmini alikwenda na bajaji yake mpaka stendi ya Mbezi kumpokea binti, na ndiye aliyepewa kazi ya kumweleza kwa upole. Akasimama pale tangu basi la kwanza la alfajiri mpaka adhuhuri, akimsogelea kila mwanamke aliyeshuka peke yake. Aliporudi mtupu, mama mkubwa aliutuma ule ujumbe. Aliuandika upya. Ukatoka Mtoni kwenda Iringa kwenye kwaya, ukaenda Kilolo kwa mwalimu mmoja, ukaruka Mwanza kwa mtu aliyesoma naye. Kabla hatujala chakula cha usiku, Demetria mwenyewe alikuwa kwenye simu.

Ndio uwezo wa wale watu. Kutoka mchana hadi usiku. Wangempata Jumatatu.

*

Alifika na basi la usiku, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mabega ya baba yake. Ndugu wa Kilolo walikuwa wameshapiga simu wakitaka mwili upelekwe nyumbani. Yeye akawaambia azikwe hapa. Nilimsikia, nilikuwa nagawa chai.

"Nyumbani mimi sikuwepo," alisema. "Hapa hawa walikuwepo."

Akina mama wa Umoja walikaa naye kwenye mkeka uani. Wakamweleza kila kitu kuhusu baba yake, alivyokula, alivyotukana, na mwishowe mmoja akasema alivyofurahi siku ile binti alipopiga simu. Demetria akainua uso.

"Mimi sikupiga," alisema. "Namba yake nilishaipoteza."

Wakatazamana. Wakalifikiria, na kwa huruma yao wakapata jibu. Zilikuwa dawa za maumivu. Dawa zile huwa zinamfanya mtu aote ndoto. Kumbe mzee aliota, maskini, akaamka anaamini. Wakamshika mkono binti, wakamwambia basi angalau aliota vizuri. Mama mkubwa alisema hivyo pia. Demetria alitikisa kichwa taratibu, akakubali kwamba baba yake alikufa akiwa amechanganyikiwa.

Nikaiacha birika pale pale, nikaenda kukaa kwenye ngazi ya nyuma.

Ndiyo maana, Jumamosi, walipokuja kunivika koti na kuniambia mtani, kazi yako imefika, nilikwenda. Cyprian alinikumbusha desturi: kaburini mtani anasema lolote, na hakuna wa kumzuia. Nilidhani nimepata mahali ambapo lazima nisikilizwe.

"Haya, unataka nini?" mama mkubwa aliniuliza kutoka juu, na kitambaa kipya kimeshakunjwa mkononi mwake. "Taja, tumzike mwenzio."

"Nataka mnisikilize."

"Tunakusikiliza, mla panya."

Nikakaa kitako ndani ya kaburi. Nikasema mzee hakuota. Nikasema alipigiwa simu kweli, na aliyempigia ni mimi, kwa sauti ya binti yake, Jumapili jioni kwenye ngazi ya nyuma. Nikasema niliuona ujumbe ukifutwa na nilinyamaza. Nilisema yote, moja baada ya jingine, kwa sauti yangu mwenyewe, na sauti yangu ikawa inapanda na kushuka.

Kicheko kilianza kwa akina mama wa Mbinga. Kikaenda mduara. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha watu waliokesha siku mbili na kupata pa kupumulia. Mtu akasema huyu mtoto hatari, analia na machozi kabisa. Mwingine akataka niongeze, niige na mzee. Yasmini alikuwa ameshika mbavu. Mama mkubwa alikuwa anapangusa macho kwa kile kitambaa changu, anasema, "Mshenzi wewe, mshenzi, toka huko." Nikarudia kwamba ni kweli, nikaapa, na kila nilivyoapa walizidi kucheka, kwa sababu mtani mzuri huapa.

Demetria hakucheka. Alisogea mpaka ukingoni, akachuchumaa, na watu wakampisha wakidhani anakuja kulipa. Akaninyooshea mkono. Nikaushika. Alipokuwa ananivuta, uso wake ukawa karibu na wangu, akaniuliza kwa sauti ambayo sidhani kuna mwingine aliyeisikia:

"Alisema nini?"

Halafu watu wakanipokea, wakanikung'uta mchanga, na jeneza likapita mbele yetu.

*

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na uji, kwa sababu kuna wagonjwa kila siku. Mama mkubwa alimsihi mgeni apumzike, lakini Demetria alivaa fulana ya kijani ya mtu mwingine, iliyombana, akapanda bajaji na sisi. Wodini alitaka kuona kitanda. Kilikuwa na mtu tayari, kijana wa Tandahimba mwenye mguu uliofungwa, anatuangalia kwa wasiwasi kama anadhani tumekuja kumhamisha.

Tukasimama dirishani.

"Haya," Demetria alisema. "Nimengoja watu wa msiba watoke."

Nikaanza kumweleza, alisema kwamba mti wako, na akanizuia.

"Wanasema unaweza kumwiga mtu. Uliongea naye kwa sauti yangu. Mimi niletee ya kwake."

Nilikuwa nayo. Siku zote zile nilikuwa nayo kooni, na ile lafudhi, na lile gurudumu la kitoroli nyuma yake. Nikavuta pumzi. Nikasema mti wako wa mapeasi umezaa, ule ulioupanda nyuma ya jiko. Ikatoka sauti ya msichana wa Mtoni, nyembamba, inayokwama. Nikajaribu tena, ikatoka ile ile. Ikabidi niendelee nayo hivyo hivyo, watoto, nyani, roho mbaya, nilikuwa nakuwekea, mpaka mwisho, mpaka njoo tu. Demetria alisikiliza akiwa ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Nilipomaliza aliiachia fremu. Kisha akachukua jagi, akamimina uji, akampelekea kijana wa Tandahimba, akamngoja mpaka akamaliza.

Alirudi Mwanza kupitia Kilolo. Masista wamenipokea tena shuleni kwa masharti, na nasikia wanashangaa kwamba siku hizi natumia sauti moja. Likizo nabeba ndoo. Mama mkubwa bado anaisimulia kwa wageni hadithi ya mtani aliyelia kaburini, kwamba hajaona mtani kama yule, na mimi nimeacha kumsahihisha, maana kila nikimsahihisha hadithi inanoga zaidi.

Mwezi wa tatu kilikuja kifurushi alichoagiza Demetria, kwa basi kutoka Iringa: mapeasi, madogo, magumu, yamefungwa moja moja kwenye majani makavu. Tuliyapeleka wodini. Mimi niliyagawa, sikula.

Demetria hupiga simu mara kwa mara kuwasalimu akina mama, na huomba kuongea nami. Huniuliza masomo. Mimi ni mtani wake pia, Mngoni na Mhehe, koti la baba yake liko kwangu, na kila simu ikiita najiandaa, natega sikio, nangoja. Yeye huongea taratibu na kwa heshima. Huniita mdogo wangu. Hajawahi, hata mara moja, kuniita mla panya.